Shajara ya KE70: Boksi la stelingi linabaki

Jumamosi, gereji ya Njoro, Moshi

Gari limeingia ndani na limekaa juu ya stendi. Ni Corolla KE70 ya milango minne, ya mwaka 1982, injini 4K ile ya cc 1,290, usukani wa kulia, hauna pawa. Injini haina neno na bodi inavumilika. Ugonjwa wote uko mbele. Usukani unazunguka sana kabla matairi hayajaitika, kwenye rasta, yale matuta madogo ya barabarani, sehemu ya mbele inapiga kelele za chuma kwa chuma, na ukishika breki kwenye mteremko wa kutoka Kibosho gari linajichagulia upande: leo kushoto, kesho kulia.

Kila anayepita hapa anatoa dawa ileile. "Mangi, toa hilo boksi, weka raki." Sina ugomvi na raki, ile fimbo yenye meno inayosukumwa kulia na kushoto na usukani badala ya boksi la gia. Lakini sitoi kifaa kwa sababu ya umri wake. Boksi linabaki mpaka lipatikane na hatia.

Kabla ya kufungua hata nati moja tumekagua matairi yakiwa chini. Mmoja anakaa ndani anausukasuka usukani kidogo kulia na kushoto, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya mkulima. Mwingine yuko chini na tochi, anaangalia kipi kinaanza kusogea na kipi kinachelewa. Ukaguzi huu ni bure na unasema mengi kuliko kuinua gari na kutingisha tairi peke yake, maana uzito wa gari unakuwa umezikandamiza bushi, ile mipira ya kwenye viungo, kama zinavyokandamizwa barabarani.

Mnyororo wa KE70 uko hivi. Usukani unashuka kwenye boksi. Boksi linazungusha pitimani amu, kono lake la chini, upande wa kulia. Pitimani inavuta fimbo ya kati, na mwisho wa pili wa fimbo hiyo, upande wa kushoto, unashikwa na aidla amu, ambayo haiendeshwi na kitu chochote. Kazi yake ni kuifanya fimbo itembee sawa. Kutoka kwenye fimbo zinatoka tairodi mbili, fimbo fupi zinazogeuza matairi, na kila tairodi ina endi mbili, yaani viungo vya ncha. Hesabu viungo hivyo: kila kimoja kikilegea kidogo tu, mwishoni usukani unakuwa pambo.

Pitimani ya kwetu iliitika mara moja. Upande wa kulia wa fimbo ukafuata. Upande wa kushoto ndiko kulikokuwa na maajabu: fimbo ilipanda kwanza, karibu nusu sentimita, ndipo ikaenda pembeni. Aidla imekwisha kabisa. Ukiishika kwa mkono unaipandisha na kuishusha bila kutumia nguvu.

Hapo nikaelewa kwa nini gari lilikuwa halina upande maalumu wa kuvuta. Fimbo ya kati ikipanda au kushuka upande mmoja, tairodi ya upande huo inabadilisha pembe, na tairi linabadilisha uelekeo bila dereva kugusa kitu. Inategemea shimo ulilopita mwisho limeiacha aidla juu au chini.

Jumapili

Sikukaa chini ya gari leo. Nimepima tu mchezo wa usukani kwa futi kamba ukingoni mwa duara lake: zaidi ya sentimita 7. Vitabu vya Toyota vya enzi hizo vinaweka kikomo cha milimita 30.

Jumatatu jioni

Tumeinua mbele. Mikono juu na chini ya tairi, saa kumi na mbili na saa sita kwa saa za ukutani, ukisukuma na kuvuta: kuna mchezo. Msaidizi akakanyaga breki, mchezo ukaisha. Hiyo ni beringi ya habu, kitovu cha tairi, maana breki imeifunga habu na diski pamoja na kalipa. Kama mchezo ungebaki hata breki ikiwa imekanyagwa, tungetafuta boljointi, kile kiungo cha mviringo cha chini, au sehemu ya juu ya shokapu. Mikono kushoto na kulia: mchezo mkubwa, ila huo tumeshaujua unakotoka.

Beringi za KE70 ni za rola za koni, mbili kila upande, na zinakazwa kwa nati na kufungwa kwa kotapini. Zikilegea siyo lazima zimekufa. Tumezitoa, tukaziosha kwa dizeli, tukaangalia njia za rola kwenye mwanga: za kulia hazina alama, za kushoto zina madoa kama ya kutu ndani ya chuma. Za kushoto zinabadilishwa, za kulia zinapakwa grisi mpya na kukazwa upya. Kwenye gari nyingi za kuvuta mbele huwezi kufanya hivi. Corolla 100 ina beringi moja iliyopigwa presi ndani ya nako, kile chuma kinachobeba habu. Ikilia imelia, unaenda kwenye mashine.

Mtaimbo umeingizwa kati ya rediasi rodi na tako lake. Bushi zimechanika pande zote mbili. Rediasi rodi ni ile fimbo inayotoka kwenye amu ya chini kwenda mbele kwenye chesesi. Amu yenyewe ya KE70 ni fimbo moja iliyonyooka yenye bushi moja upande wa ndani, haiwezi kuzuia tairi kwenda mbele na nyuma. Kazi hiyo ni ya rediasi rodi. Ukishika breki tairi linataka kubaki nyuma, rodi inalizuia, na bushi zikiwa zimekwisha tairi linarudi kweli, uelekeo unabadilika, na mteremko wa Kibosho unamaliza kazi.

Boksi? Halijapatikana na hatia. Linavuja kidogo kwenye sili ya shafti ya chini, na oili iliyobaki ndani haitoshi. Basi.

Jumatano, uwanja wa gereji

Siku ya kusubiri, kwa hiyo nimezunguka uwanjani na daftari. Hapa kwa bahati kuna gari ndogo za rika tofauti, na kwa mtu anayetafuta vipuri vya mbele hili ni darasa.

Kuna Corolla 100 ya dereva teksi, AE100, toleo lililotoka mwaka 1991. Jina ni Corolla kama langu, lakini huku mbele hakuna kinachoingiliana, na afadhali mtu ajue mapema kabla hajatoa hela. Kwenye KE70 bomba la shokapu na ekseli fupi ya habu ni kitu kimoja, vimeunganishwa kiwandani. Shokapu ikifa unafungua kifuniko cha juu cha bomba, unatoa utumbo wa zamani, unaweka katriji mpya, bomba linabaki. Kwenye AE100 shokapu ni kopo lililozibwa, linafungwa kwenye nako kwa bolti mbili, likifa linatupwa zima. Nako ile inapitisha dreva shafti katikati. Ya KE70 haina tundu la shafti kwa sababu gari linasukumwa na matairi ya nyuma.

Amu ya AE100 ina umbo la herufi L na bushi mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo haihitaji rediasi rodi. Boljointi yake inafungwa kwenye amu kwa bolti moja na nati mbili. Fundi anaibadilisha bila presi, na hilo nakiri ni jambo zuri kuliko la kwetu. Boljointi ya KE70 imekaa ndani ya amu, na mkia wake unaingia kwenye kono la stelingi, na kono hilo linafungwa chini ya bomba la shokapu kwa bolti mbili. Hata rimu hazibadilishani. KE70 inatumia bolti nne kwenye duara la milimita 114.3, Corolla za kuvuta mbele kuanzia zile za 1983 zinatumia nne kwenye milimita 100.

Pembeni kuna Starlet mbili, na hizo ndizo zinazowachanganya watu zaidi. KP61 ni ya kusukuma nyuma, injini ya ukoo wa K kama yangu, rimu za 114.3 kama zangu, lakini ina raki tangu kiwandani. EP82 iliyokuja mwaka 1989 ni ya kuvuta mbele, rimu za 100, na ukiifungua ni mdogo wake Corolla 100 kuliko mdogo wa KP61. Mtu akikuambia "nina vitu vya Starlet," swali la kwanza ni Starlet ipi. La pili pia.

Corolla ya kwanza kabisa, KE10 ya mwaka 1966, ilikuwa na shokapu za MacPherson mbele kama hizi, ila uzito ulibebwa na springi ya majani iliyolala kwa upana wa gari. Mfumo wenyewe wa shokapu una jina la Earle MacPherson, injinia Mmarekani, na Ford waliuweka kwenye Consul na Zephyr za Uingereza mwaka 1950. Wazee wa Moshi waliowahi kupanda Zephyr bado wapo. Nimeuliza mmoja kama alijua alikuwa amekalia historia. Akasema alichojua ni kwamba lilikuwa linakunywa petroli.

Na kuna Kobe, Volkswagen, halijatembea siku nyingi, lina nyasi chini. Huko mbele ni ulimwengu mwingine: mabomba mawili yamelala kwa upana, ndani yake kuna majani ya chuma yanayojinyonga badala ya springi. Mpaka modeli ya 1965 nako zilishikwa na pini na bushi zinazodai grisi kila mara. Kuanzia modeli ya 1966 zikaja boljointi. Halafu mwaka 1970 ikatoka 1302 yenye shokapu za MacPherson, na baadaye 1303, na hii ya mwisho kwa modeli ya 1975 ikapewa raki. Kwa hiyo kwenye gari moja, kwa jina moja na sura ambayo mpita njia haioni tofauti, kuna mbele za aina tatu na zaidi. Muuza spea anayekuuzia "boljointi ya Kobe" bila kuuliza mwaka anakuuzia bahati nasibu.

Ijumaa, Arusha

Nimeshuka Arusha kutafuta vitu. Orodha: amu za chini mbili zikiwa na boljointi, tairodi endi nne, aidla amu, bushi za rediasi rodi, beringi za kushoto, katriji mbili za shokapu.

Sitaandika nilipita maduka gani. Nitaandika nilivyopima, kwa sababu ndipo hela inapookolewa au kupotea.

Nilibeba endi za zamani, kono la stelingi lililofunguliwa, kalipa ya kupimia, kiberiti cha chaki na nati moja ya kila saizi. Muuzaji wa kwanza alicheka. "Mzee, umehama na gereji?" Akanipa endi iliyo ndani ya boksi lililoandikwa KE70 kwa herufi kubwa. Kwa macho ilikuwa sawa kabisa na ya kwangu.

Kwanza nikapima koni ya mkia. Mkia wa tairodi endi na wa boljointi siyo bomba lililonyooka, ni koni, na endi nyingi za gari ndogo zina koni ya 1 kwa 8: kila milimita 8 za urefu kipenyo kinapungua milimita 1. Koni ikiwa siyo yenyewe, mkia unaweza kuingia, nati ikakaza, na mambo yakaonekana mazuri. Lakini chuma kinagusana kwenye duara jembamba juu au chini tu. Barabarani kinajitafuna, tundu linapanuka, na kono la stelingi ndilo linaloharibika, ambalo ni ghali kuliko endi.

Kipimo chake ni rahisi. Paka chaki mkia wote, uchomeke kwenye tundu la kono kwa mkono, uzungushe robo, utoe. Chaki ikifutika urefu wote wa koni, ni yenyewe. Ile ya duka la kwanza ilifutika pete moja tu, chini, nyembamba kama uzi wa kushonea. Juu chaki ilibaki nyeupe kama nilivyoipaka. Nikamwonyesha muuzaji. Akaigeuza, akaitazama, akasema nati ikikazwa itakaa. Nikamrudishia kwa heshima.

Kipimo cha pili ni uzi. Nati ya milimita 12 yenye hatua ya 1.25 inapanda kwenye uzi wa 1.5 raundi moja mbili, kisha inakaza, na fundi mwenye spana ndefu atadhani ni rangi au kutu. Ndiyo maana nilibeba nati zangu. Kwenye tairodi za KE70 kuna jambo la ziada: bomba la kurekebishia lina uzi wa kulia mwisho mmoja na uzi wa kushoto mwisho wa pili, ili ukilizungusha tairodi irefuke au ifupike bila kufungua kitu. Kwa hiyo endi nne siyo nne za aina moja. Ukipewa pakiti ya nne zinazofanana, mbili ni za mtu mwingine.

Kipimo cha tatu ni urefu, kutoka katikati ya mkia mpaka mwisho wa uzi. Endi fupi kwa sentimita moja bado inafungika, ila inashika nyuzi chache ndani ya bomba, na hilo sitaki kulifikiria nikiwa kwenye mteremko.

Endi nzuri nilizipata duka la nne au la tano, za 555, zile za Sankei wa Japani. Mzee aliyekuwa kaunta alinitazama nikipaka chaki, akauliza, "Nani kakufundisha hiyo?" Nikamwambia fundi wa Moshi. "Shikamoo yake," akasema, akanipunguzia kidogo. Amu za chini nilichukua nzima na boljointi zake, baada ya kupaka chaki hizo pia. Aidla nilikosa mpya, nikapata ya mtumba kutoka gereji moja ya Unga Limited, iliyokatwa kwenye KE70 ya van. Haichezi hata kidogo. Jumla ya vyote ni chini ya bei niliyotajiwa kwa raki moja ya mtumba.

Jumamosi, kuhusu raki

Kijana wa gereji hajakata tamaa. "Bro, kuna raki ya Corolla 100 pale nyuma. Ni kuchomelea tu."

Nimemjibu kwa kumpeleka pale kwenye ile AE100. Raki yake iko nyuma ya injini, karibu na ukuta wa miguuni, na makono ya stelingi yanaelekea nyuma ya ekseli. Kwenye AE86, ambayo ni binamu wa karibu wa KE70 na inasukuma nyuma, raki iko mbele ya krosimemba, ile boriti ya chini inayopita kwa upana wa gari, na makono yanaelekea mbele. Ukichukua raki iliyotengenezwa kukaa nyuma ya ekseli ukaiweka mbele yake kama ilivyo, ukikata kulia gari linaenda kushoto. Akacheka, akasema tutaigeuza. Sawa, tuigeuze. Sasa urefu.

Viungo viwili vya ndani vya raki vinatakiwa vikae karibu na mstari mmoja na bushi za ndani za amu za chini, kwa urefu na kwa upana. Amu inapopanda na kushuka inachora tao. Tairodi nayo inachora tao lake. Matao yakifanana, tairi linapanda na kushuka likiwa limenyooka. Yasipofanana, kila shimo linapiga usukani kwa niaba yako. Raki ya gari jingine ina upana wa gari jingine, na hakuna mchomeleaji anayeweza kuchomelea jiometri.

Kama ningetaka raki kweli, njia ya haki ni seti nzima ya AE86: krosimemba, raki, makono ya stelingi na shafti ya kuunganisha na usukani. Krosimemba ile inakaa kwenye matundu ya KE70. Shida ni kwamba wanaoijua thamani hiyo wako dunia nzima, wameshaigeuza dhahabu, na mimi napeleka gari sokoni Mbuyuni na Himo. Sishindani na mtu mashindanoni.

Jumapili, kipimo cha kupanda na kushuka

Nilitaka kuona kwa macho yangu aidla inachangia nini, kwa hiyo kabla ya kufunga ile ya mtumba tulipima ya zamani. Springi ya kushoto imetolewa, shokapu imerudishwa tupu. Ubao ulionyooka umefungwa kwenye habu kwa bolti mbili. Jeki chini ya amu. Usukani umefungwa kwa kamba usitembee. Tunapandisha sentimita 2, tunapima umbali wa ncha mbili za ubao kutoka kwenye uzi uliovutwa kando ya gari, tunapandisha tena.

Kwa aidla ya zamani, namba hazikurudi zilezile. Ukipandisha unapata hesabu moja, ukishusha mpaka palepale unapata nyingine, tofauti ya milimita kadhaa. Kwa ile ya mtumba, mwelekeo unabadilika kidogo juu kabisa ya safari, kisha unarudi palepale kila mara. Hapo hata kijana wa raki alinyamaza, akaomba ubao ajaribu upande wa kulia.

Jumatano, kufunga

Mikia ya zamani ilitoka kwa nyundo mbili. Moja unaishikiza upande mmoja wa jicho la kono, nyingine unapiga upande wa pili, kavu, mara moja mbili, koni inaachia. Usipige mkia wenyewe kutoka chini. Unaharibu uzi na koni haijali. Makono yamekaguliwa matundu, hakuna lililopanuka.

Nati za kasoli kwenye mikia zikikazwa na tundu la kotapini halijalingana, unaendelea kukaza mpaka lilingane. Hurudishi nyuma. Nasema hivi kwa sababu nimeona mikono mingi ikirudisha.

Rediasi rodi tumezipima kabla ya kuzifungua, kutoka kwenye tundu la amu mpaka kwenye nati ya nyuma ya bushi, kila upande, na tumezirudisha kwenye vipimo hivyo. Nati hiyo ndiyo inayoshika kasta, yaani pembe ya shokapu kulala mbele au nyuma. Ukiizungusha ovyo upande mmoja, umenunua gari linalovuta daima na alaimenti ya kawaida ya mjini haitaliponya, maana wengi wanarekebisha tairodi tu.

Katriji za shokapu zimeingia na oili kidogo ndani ya bomba, ili joto lipite kutoka kwenye katriji kwenda kwenye chuma cha nje. Boksi limejazwa oili ya gia 90. Kuna waliosema tujaze grisi ili lisivuje. Grisi inasukumwa pembeni na gololi za ndani na hairudi, oili inarudi. Skrubu ya juu ya boksi tumeigusa kidogo tu, usukani ukiwa umenyooka katikati. Gia ya ndani imetengenezwa ibane zaidi katikati kuliko pembeni, kwa hiyo ukiirekebisha ukiwa umekata kona, ukirudi katikati boksi linakaba na usukani haurudi wenyewe.

Jambo ambalo tumebishana nalo ni bushi. Fundi wa jirani anakaza bolti za amu gari likiwa hewani, kisha anashusha. Mpira wa bushi unashikwa ukiwa umening'inia, gari likishuka unajinyonga, na unaishi umejinyonga kila siku mpaka uchanike. Sisi tumefunga kwa mkono, tumeshusha gari, tumelitikisa mbele lilale mahali pake, ndipo tukaingia chini na kukaza. Ni usumbufu, tumbo linagusa chini na spana haina nafasi. Lakini bushi hizi sitaki kuziona tena karibuni.

Alhamisi, kamba

Alaimenti ya kwanza tumefanya kwa kamba, ili gari liweze kufika kwenye mashine. Kamba mbili zimevutwa sambamba kando ya gari, zikilingana na habu za nyuma, kisha unapima ukingo wa rimu ya mbele kwa mbele na kwa nyuma. Tumeyaweka matairi yakielekea ndani milimita 2 kwa jumla. Kwa gari la kusukuma nyuma lenye mbele ya mipira namna hii, mwendo unayafungua matairi kidogo, kwa hiyo yanakaribia kunyooka yakiwa barabarani. Mabomba ya tairodi yamezungushwa sawa pande zote mbili ili usukani ubaki katikati, na klempu zake zimekazwa zikitazama chini zisiguse kitu.

Mchezo kwenye ukingo wa usukani sasa ni milimita 20 na kitu. Boksi lilelile.

Jumamosi, barabarani

Himo kwanza, kwa lami iliyonyooka, kisha kupanda Marangu ambako kona zinafuatana na migomba iko hadi ukingoni. Gari linakaa kwenye mstari. Breki za mteremkoni zinanyooka. Kelele ya chuma imeisha, kimebaki kilio kidogo cha mpira mpya.

Ila kwenye lami linavuta kushoto, kidogo, kwa namna ya kudumu. Tulibadilishana matairi ya mbele, la kushoto kulia na la kulia kushoto, tukarudi njia ileile: likavuta kulia. Basi ni tairi, siyo kifaa. Lile lililokuwa kushoto lina mabega yaliyolika nje tangu enzi za aidla mbovu.

Baada ya kurudi tumepima tena kwa kamba: milimita 2, haijasogea. Kotapini zote zimeangaliwa, nati za makono zimerudiwa kukazwa, hakuna iliyozunguka.

Kilichobaki ni matairi mawili ya mbele na sili ya shafti ya boksi, maana tone bado linaonekana asubuhi kwenye kadibodi. Sili ya zamani namba zake zimefutika. Nimepima kipenyo cha ndani, cha nje na unene, nimeandika kwenye daftari, na mtu wa gereji anashuka Arusha Jumatatu.